Picha ya Baba na Kabati la Mama Kenji

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linakusumbua jioni ukitoka shambani, halafu ukabadilisha maneno haraka, kama kawaida yako ukianza kuulizwa habari zako mwenyewe. Na vitunguu vimetoka salama? Zamu ya maji ya mfereji imerudi kuwa kama zamani, au bado mnagombana na watu wa juu? Sisi huku wazima. Kenji anakuamkia sana, na anasema bado anaikumbuka loshoro yako ya mahindi na maziwa mgando, ingawa ile siku ya kwanza alikunywa akifumba macho.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Lakini mama, simu ya picha haitutoshi, maana wewe unaiweka sikioni. Mimi nazungumza na sikio lako na ncha ya kilemba, na nikikuambia uishushe unaniambia hunisikii. Halafu kuna lile swali lako. Uliniuliza, "Nasia, nasikia huko kwenu wanaabudu wafu. Na wewe umo?" Mtandao ukakatika hapo hapo. Nilipopiga tena ulikuwa umeshakwenda kwaya, na tangu siku ile tunaongea mvua tu na bei ya maharage. Nikaona nikijibu kwa simu nitajibu nusu. Leo ni sikukuu, kiwandani tunakofungasha mboga wamefunga, basi nimekaa mezani nikujibu yote.

Na sikukuu yenyewe ungeipenda. Ni Siku ya Kuwaheshimu Wazee. Nchi nzima inapumzika kwa ajili ya wazee! Asubuhi watu wa mtaa wamemletea mama mkwe wangu boksi la keki za maharage matamu, naye akalipokea kwa mikono miwili huku akinung'unika kwamba yeye si mzee kiasi hicho. Kisha amekula tatu. Mimi namwita okaasan, ndiyo "mama" kwa lugha yao, lakini kwako nitamwita Mama Kenji ili tusichanganyane.

Nianzie nilipofika, maana mengine sikukuambia wakati ule. Sikutaka ulale na mawazo.

Unakumbuka nilisafiri Desemba. Baba yake Kenji alikuwa amefariki Oktoba, ndiyo maana tulihamia hapa kwa mama yake badala ya kupanga mjini. Ni mji mdogo wa milimani, nyumba ya mbao, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nilijiambia, mimi ni mtoto wa Nduruma, nimelelewa na mama asiyependa uvivu, nitaingia jikoni na huyu mama tutaelewana. Kumbe heshima yetu na heshima yao zinakaa sehemu tofauti. Jioni ya kwanza aliniambia niwe wa kwanza kuoga, kwa kuwa mimi ni mgeni. Huku mtu anakaa kwenye kigoda, anajisugua na kujisuuza mpaka anatakata, ndipo anaingia kwenye beseni kubwa la maji ya moto kupasha mwili tu. Yale maji ni ya familia nzima, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikaoga, nikafurahi, halafu nikang'oa kizibo, nikamwaga maji yote na kulisugua beseni likang'aa. Nilitoka nikijiona nimefanya la maana. Kenji akaingia akatoka na taulo lake mkononi, anacheka. Mama yake hakucheka wala hakugomba. Alikwenda akafungulia maji upya, akakaa pembeni kungoja yajae. Mama, ningeona afadhali angenigombeza. Ukimya wa mama mkwe ni mzito kuliko kelele.

Kubwa zaidi lilikuja Mwaka Mpya. Kwao ndiyo sikukuu ya sikukuu, kama sisi na Krismasi watu wakipanda kutoka Dar. Maduka yamepambwa, watu wanapeana kadi, wanakwenda kuomba heri. Nyumbani kwetu tu hapakuwa na pambo hata moja. Mimi nikafikiri mama wa watu amechoka, kafiwa, hana mtu wa kumsaidia. Basi asubuhi niliamka mapema nikapika pilau na viungo ulivyonifungia, nikavaa kitenge kile cha manjano cha harusi, na lile neno lao la heri ya mwaka mpya nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima. Nikaanza na jirani aliyekuwa anafagia theluji. Nikamwinamia, nikalisema kwa sauti. Akaniangalia, akamtazama Mama Kenji aliyekuwa amesimama mlangoni, akainama tu bila kunijibu. Nikageuka nikamwambia na Mama Kenji, huku nacheka. Akavuta mlango taratibu, akaingia chumbani.

Kenji ndiye aliyenikalisha chini. "Nasia, ni kosa langu, sikukueleza. Nyumba iliyofiwa haisherehekei mwaka mpya. Kadi hatutumi, heri hatusemi, mpaka mwaka uzunguke."

"Na pilau?"

"Pilau italiwa," alisema. "Lakini kitenge, badilisha."

Nilibadilisha. Nilikula pilau yangu na Kenji, na sahani ya mama yake ikapoa mezani. Jioni niliikuta imeoshwa, na mpaka leo sijui kama alikula au alimwaga. Usiniulize kama nililia. Nilitamani kurudi Kijenge, kwenye kile chumba changu cha kupanga, nifungue dirisha nisikie watu wanasalimiana barabarani.

Hapo ndipo nilipoanza kuliangalia lile kabati la marehemu, ambalo nadhani ndilo unaloliogopa. Limo kwenye chumba cha mikeka, la mbao nyeusi, milango miwili. Ndani kuna mishumaa, kengele ndogo, na kibao chenye jina la marehemu. Picha yake iko pembeni ya kabati, juu ya rafu, kavaa koti, anacheka kwa jicho moja kama Kenji. Kila asubuhi wali ukiiva, kijiko cha kwanza kinapelekwa pale, na kikombe cha chai. Mama Kenji anapiga kengele, anafumba mikono, anaongea. Mwanzoni niliogopa kama wewe. Lakini nilipoanza kuelewa lugha kidogo nikasikia anachosema. "Leo baridi imezidi. Kenji amechelewa kuamka tena. Bomba la jikoni linavuja." Basi. Mama, ndiyo yale yale unayosema wewe ukipita na jembe pale nyuma ya nyumba, ukisimama kidogo kwenye kaburi la baba kuweka sawa yale majani ya masale tuliyoyapanda. Na yule mama wa Kihindi niliyekuwa nauza vitambaa dukani kwake pale mjini, aliyekuwa na picha ya marehemu mumewe ukutani, imevishwa maua, ubani unafuka tangu anafungua duka. Wewe mwenyewe ulipokuja kunitembelea uliitazama ukamwambia, "Pole mama, alikuwa mtu mzuri, anaonekana." Hukumuuliza anamwabudu au hamwabudu.

Sisemi ni kitu kimoja. Nakueleza tu nilivyoanza kuona.

Mwezi wa tatu wana sikukuu nyingine, siku ambayo mchana na usiku vinalingana. Siku hiyo watu huenda makaburini kuosha. Kenji alikuwa zamu, yeye fundi wa treni na treni hazijui sikukuu. Mama Kenji akavaa buti, akachukua ndoo na kata. Hakuniambia twende, lakini aliacha mlango wazi na ndoo ya pili kando yake. Nikavaa buti, nikamfuata.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Kaburi lao ni nguzo ya jiwe iliyochongwa, iko na nyingine nyingi mlimani. Yeye aliosha mbele, akang'oa majani. Mimi nikazunguka nyuma, kulikokuwa na ukungu wa kijani, nikasugua kwa brashi. Mkono ukishika kazi mdomo nao hufunguka. Nikajikuta naongea na yule mzee kwa Kiswahili, mara kwa Kimeru. Nikamwambia mimi ni Nasia, mke wa mwanao, samahani kwa kelele za mwaka mpya, sikujua. Nikamwambia mkeo ni mgumu lakini chakula chake kitamu. Nikamwambia kwetu kaburi la baba liko karibu na mfereji, na sijui ni nani atalisafisha Krismasi hii goti la mama likiuma.

Nilipoinua kichwa Mama Kenji alikuwa amesimama ameshika kata, maji yanadondoka.

"Unamwambia nini?"

Nikatafuta maneno. "Nimejitambulisha," nikasema.

Aliangalia jiwe. "Alikuwa anapenda wageni," akasema. "Mimi ndiye nisiyewazoea haraka." Kisha akachota maji akayamwagia pale nilipokuwa nimesugua.

Tukarudi, na siku hiyo jikoni alinipa kisu chake. Mama wa jikoni hampi mtu kisu chake hivi hivi, wewe unajua. Akaanza kunifundisha bila kunisema: viatu ukivivua mlangoni vigeuze vitazame nje, ndala za chooni zisitoke chooni, takataka za chupa siku yake, za karatasi siku yake, maana jirani anaweza kukurudishia mfuko wako mlangoni kwa adabu zote. Nami nilimfundisha kupika ugali. Anauita keki ya mahindi na anakula kwa vijiti. Nimemwacha.

Mwezi wa nane wana sikukuu ya mlima. Ndiyo mama, mlima! Watu hawaendi kazini kwa heshima ya milima. Nilimwambia Mama Kenji ningekuwa waziri ningeileta Arusha kesho yake, maana tumekaa chini ya Meru tangu mababu na hatujawahi kuupa hata asubuhi moja ya mapumziko. Alicheka, mara ya kwanza nikaona meno yake ya pembeni. Akataka nimchoree ulivyo, nikauchora ule upande uliobomoka.

Siku mbili baadaye ndipo likaja jambo lenyewe. Wana siku za kuwakaribisha marehemu nyumbani, na kwetu ilikuwa mara ya kwanza tangu mzee afariki, kwa hiyo ndugu wote wanakuja na taa nyeupe inatundikwa. Wanachukua tango wanalichomeka vijiti vinne, linakuwa farasi, ili marehemu aje mbio. Wanachukua bilinganya wanafanya hivyo hivyo, linakuwa ng'ombe, ili aondoke taratibu. Mama Kenji akaniuliza, "Baba yako alikuwa anapanda farasi?" Nikamwambia baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, anawaswaga kwa miguu mpaka mnada wa Kisongo, hajapanda mnyama maisha yake yote. Akasema, "Basi alikuwa mtu asiye na haraka."

Jioni ile nilikusanya nguvu nikamwambia ukweli. Kwamba kesho mtawa wao atakapokuja kusoma dua, kila mtu atapita mbele kuchoma ubani na kufumba mikono, na mimi sitaweza. Nitakaa nao, nitainamisha kichwa, nitamwombea mzee kwa Mungu ninayemjua mimi. Nilimwambia mama yangu ni mzee wa kanisa, na hata angekuwa siye, mimi mwenyewe sitaweza.

"Nimeelewa," akasema. Akaendelea kukata figili. Uso wake ulirudi kuwa ule wa Desemba, na mimi nikajua nimevunja nilichojenga tangu mwezi wa tatu.

Kesho yake chumba kilijaa. Mtawa akasoma kwa sauti nzito, watu wakapita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikabaki nimepiga magoti mahali pangu, kichwa chini, nikasali Baba Yetu moyoni. Nilisikia watu wanangoja. Kisha shangazi yake Kenji akanipita akaendelea.

Kwenye chakula baba mkubwa wa Kenji, kaka wa marehemu, mzee mwenye sauti, akaweka vijiti chini. "Mke wa nyumba hii," akasema, "hawezi hata kumchomea baba mkwe wake ubani? Mdogo wangu anapokelewa namna hii kwake?"

Kila mtu akatazama sahani yake. Kenji akafungua mdomo, lakini mama yake alikuwa ameshaweka birika mezani. Alizungumza polepole, nikaelewa kila neno.

"Kaka, mwezi wa tatu mvua ikinyesha, nani alisugua kaburi la mdogo wako? Wanao walikuwa wapi? Huyu alisugua mpaka nyuma, ambako hakuna anayeona. Akaongea naye kwa lugha ya kwao. Sikuelewa hata neno moja, lakini mume wangu alikuwa mtu wa kuongeleshwa. Jana kaniambia usoni pangu atakachofanya na asichofanya. Wangapi hapa wananiambia ukweli usoni? Mwacheni."

Baba mkubwa akakohoa, akanywa chai. Baadaye kidogo akanisogezea sahani ya tikiti bila kunitazama, akauliza, "Kwenu haya yapo?" Nikamwambia yapo, makubwa kuliko haya. Akasema haamini. Ikawa ndiyo suluhu.

Ndugu walipoondoka tulibaki tunaosha vyombo, mimi na yeye. Akaniuliza, "Picha ya baba yako iko wapi?"

"Kwenye sanduku langu."

Akageuka na sabuni mikononi. "Sandukuni? Mtu mzima anakaa sandukuni?"

Nikaenda nikaileta. Ni ile aliyopigwa Pasaka, kavaa koti la kanisani, kalamu mfukoni. Akafuta mikono yake kwanza ndipo akaipokea picha. Akasema mume wake hakupenda kukaa peke yake, na angependa kuiweka rafuni, pembeni ya yake, wazee wawili wakae pamoja.

Nilitaka kusema ndiyo pale pale. Lakini nikamwambia, "Siwezi bila kumuuliza mama."

Akakubali kwa kichwa, kama aliyekuwa anangoja nijibu hivyo. "Kweli. Mume wa mtu hawekwi popote bila mwenyewe kuulizwa." Akanirudishia picha. Akasema ubani na wali ni vya mumewe, kwa baba yatawekwa maua tu, na kama maua nayo hayafai, basi hata maua hayatawekwa.

Kisha akaniuliza nani mkubwa kati yenu. Nikamwambia yeye amekuzidi miaka kadhaa, kwa hiyo kwetu ni wewe unayepaswa kumwamkia. Nikamweleza shikamoo na marahaba. Akafikiri. "Hapana," akasema, "mwenye kuomba ndiye anayeanza." Basi ameniagiza niandike hivi: Mama Kenji anakupa shikamoo, na anaomba.

Na mimi naomba pamoja naye, mama. Sikufichi, natamani. Kila nikimkumbuka baba namtoa kwenye sanduku, namtazama, namrudisha chini ya masweta, naona kama namfungia. Sitampigia kengele. Imani uliyonilea nayo ninayo, na Jumapili ninasikiliza ibada kwa simu na kuimba peke yangu jikoni, sauti ya pili, hakuna wa kunishikia ya kwanza. Ila nyumba hii sasa ni kwangu, na ningependa anayeingia aone mimi pia nilizaliwa na mtu.

Ukisema hapana, nitaelewa, na nimeshahakikisha Mama Kenji hatanuna. Nitaweka picha juu ya meza ya chumbani kwetu, yatakwisha. Ukisema ndiyo, niandikie kwa mkono wako, hata mistari miwili. Anataka kuuona mwandiko wako. Anasema simu haimwonyeshi mtu. Ongea na mchungaji ukitaka, lakini usiongee naye kabla hujakaa kwanza peke yako ukafikiri kama mke wa baba.

Nisalimie kaka Elisante na mkewe, mwambie wifi kitambaa alichoniagiza nimekipata. Shangazi wa Kisongo mpe shikamoo yangu, na umwambie aache kuwatangazia watu kwamba nakula samaki wabichi. Nakula, lakini si kila siku. Nisalimie akina mama wote wa kwaya, na babu mdogo jirani yetu, aliyekuwa akichunga na baba. Watoto wa kaka wote nawabusu.

Goti likikuuma, tafadhali mwache Elisante asafishe kule nyuma mwaka huu, na wewe ukae kwenye kiti umwelekeze. Najua hutakubali. Basi angalau akubebee ndoo.

Picha bado iko kwangu. Sijairudisha sandukuni, nimeiegemeza hapa mezani ninapoandikia, nangoja neno lako.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Ndeonasia